TUSIMHUKUMU DEREVA KABLA YA KUIPIMA GARI

Kwa muda sasa pamekuwa na mazungumzo mengi, maofisini na katika mabaraza ya kahawa, juu ya gari za umma zinazoharibika zingali mpya. Wananchi wanauliza, na wanayo haki ya kuuliza, inakuwaje gari iliyonunuliwa kwa fedha zao, ambayo hata nailoni ya viti vyake haijabanduliwa, isimame njiani usiku bila ya sababu inayoeleweka, kisha asubuhi iwake kama kwamba haikupata kuugua kamwe. Jawabu linalotolewa mara nyingi ni fupi mno: dereva mzembe. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba jawabu hilo, pamoja na wepesi wake, aghalabu si la haki, na kwamba linaitia nchi hasara ya fedha, na huenda likamtia mtu hasara ya roho.

Tuanze na kisa tunachokijua. Ofisi moja ya umma katika visiwa vyetu, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilipokea pikapu ya milango minne, zile ambazo watu wa mjini huziita dabo-kebini. Ilipokuwa haijatimiza miezi kumi na minne wala kilomita 19,000, usiku mmoja wa masika, ikazimika njiani. Wakati huo ilikuwa imembeba mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu kijijini, kwa kuwa hapakuwa na gari nyingine ya karibu. Dereva anasimulia kwamba taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, injini ikanyamaza, usukani ukawa mzito kama jiwe. Alijaribu ufunguo mara tano asipate kitu. Baada ya robo saa hivi gari ikawaka yenyewe kwa mara moja tu ya kuzungusha ufunguo, na mama yule alijifungua dakika chache baada ya kufikishwa hospitali. Alhamdulillahi, yeye na mtoto walikuwa salama.

Asubuhi yake gari ilipelekwa karakana. Fundi akaiwasha, ikawaka. Akaizungusha uwanjani, ikaenda. Akaandika kwenye karatasi maneno mawili: gari nzima. Dereva akaandikiwa barua ya onyo. Ilipozimika mara ya pili ikabadilishwa betri. Mara ya tatu ikabadilishwa altaneta, na kwa wiki tatu ikatulia, kila mtu akapongezana. Ilipozimika mara ya nne, dereva aliondolewa kwenye gari, akapelekwa kulinda geti. Akaletwa dereva kijana, na gari ikamzimikia naye. Hapo ndipo lilipotolewa shauri la kununua kompyuta nzima ya injini, ambayo bei yake ingetosha kununulia pikipiki kadhaa.

Tutarudi kwenye pikapu hiyo. Kwanza yafaa tufahamu aina ya maradhi tunayoyazungumza. Kuna hitilafu zinazokaa: waya umekatika, taa haiwaki, na kila mwenye macho anaona. Hizo hazina taabu kubwa. Na kuna hitilafu za kuja na kuondoka, ambazo zinafanana na homa ya vipindi. Mgonjwa akifika kwa daktari homa imeshuka, na daktari asiye mwangalifu humrudisha nyumbani kwa kumwambia kuwa hana kitu. Hitilafu ya aina hii katika umeme wa gari hutokea pale tu mambo kadhaa yanapokutana: mtikisiko wa barabara, unyevu, joto la injini, na mzigo mkubwa wa umeme, kama vile taa kuu, feni na kiyoyozi kufanya kazi kwa pamoja. Karakana ya saa nne asubuhi, penye kivuli na sakafu kavu, na gari iliyopoa boneti wazi, haina hata moja katika mambo hayo. Kusema kwamba gari haina kasoro kwa sababu haikuzimika mahali hapo ni sawa na kusema kuwa paa halivuji kwa kulitazama siku ya jua.

Sisi tuliozaliwa katika miaka ya mwanzo ya themanini tuliwahi kuzipanda zile Bedford zilizojengewa bodi za mbao, zikawa ndizo gari za abiria za kwendea shamba. Umeme wake ulikuwa wa kuhesabika: betri, stata, taa, honi, na fyuzi chache. Fundi alihitaji bisibisi, taa ya kupimia na subira. Gari ya leo ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna nyaya ambazo urefu wake ukiunganishwa unaweza kuzidi kilomita moja, na makumi ya kompyuta ndogo ndogo, moja ya injini, moja ya breki, moja ya mifuko ya hewa, nyingine za milango na taa. Kompyuta hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa mfumo uliotangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, ambao hupitisha habari kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kwa hiyo kiungo kimoja kikilegea, dalili yake inaweza kuonekana mahali pengine mbali kabisa. Waya wa taa ya nyuma unaweza kuiudhi gia. Fundi aliyezoea Bedford akizifuata dalili peke yake atapotea njia, na kupotea huko si dhambi yake, hakufundishwa.

Watu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya nguvu ya kiungo kimoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa miezi mitatu kwa sababu ya kuharibika njia moja tu ya umeme unaokuja kutoka Bara kwa kupita chini ya bahari. Hapakuwa na taa iliyoungua majumbani, wala feni iliyovunjika. Kila kitu kilikuwa kizima, isipokuwa njia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini, na kwamba huko zinakotengenezwa gari hayatokei. Jambo hilo si kweli, na ushahidi wake uko wazi. Mnamo Februari 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuziita gari zake zirudishwe kwa matengenezo, na kufika mwisho wa Machi idadi ilikuwa imefikia kiasi cha milioni 2.6. Miongoni mwake ilikuwamo Chevrolet Cobalt. Kasoro ilikuwa katika swichi ya ufunguo. Mkazo wa kuishikilia swichi mahali pake ulikuwa mdogo kuliko kipimo ambacho kampuni yenyewe ilikiweka, na swichi ikapitishwa hivyo hivyo mwaka 2002. Mtu akiwa na mkungu wa funguo wenye uzito, au goti lake likigusa ufunguo, au gari ikirushwa na shimo, swichi iliweza kuteleza kutoka mahali pa kuendeshea. Injini inazimika, msaada wa usukani na wa breki unaondoka, na mifuko ya hewa inaweza isifunguke gari inapogonga. Dereva akiurudisha ufunguo na kuuzungusha tena, gari inawaka kama kawaida. Fundi akiipokea, haoni kitu.

Taarifa za kuzimika huko zilianza kufika mwaka 2004, gari hizo zilipokuwa zinaanza tu kutoka kiwandani. Mwaka 2005 wahandisi walipendekeza marekebisho, yakakataliwa kwa ajili ya gharama na muda. Badala yake wauzaji waliandikiwa waraka wa kuwashauri wateja wapunguze vitu vizito kwenye funguo zao. Kwa maneno mengine, mzigo wa kosa la kiwanda uliwekwa kwenye mfuko wa mwenye gari. Ndani ya kampuni, kuzimika kwa gari mwendoni kuliorodheshwa kuwa ni usumbufu kwa mteja, wala si suala la usalama, na neno hilo moja likaifanya kazi ikae mezani miaka. Mwaka 2006 swichi ikarekebishwa kimya kimya, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa, hivyo aliyechunguza baadaye hakuweza kutambua kwa maandishi kwamba swichi ya zamani na mpya ni vitu viwili mbalimbali.

Mwezi wa Machi 2010 msichana mmoja muuguzi wa jimbo la Georgia alipeleka Cobalt yake ya mwaka 2005 kwa muuzaji, akaeleza kuwa imemzimikia njiani. Wakasafisha mfumo wa mafuta, wakamrudishia. Siku chache baadaye alifariki katika ajali, siku ya kutimiza miaka 29. Wakili wa wazazi wake alimweka mhandisi wa kujitegemea, ambaye alinunua swichi mpya dukani kwa bei ndogo, akaifungua, akaipiga eksrei, akailinganisha na ile ya gari ya marehemu. Akakuta kwamba kipini kidogo cha ndani kilizidiana kwa milimita 1.6. Milimita moja na nusu hivi ndiyo iliyokuwa imefichwa na shirika lenye mainjinia maelfu. Katika kikao cha wabunge wa Marekani, Aprili 2014, ilitajwa kwamba sehemu ya kuondosha kasoro hiyo ilikuwa na gharama ya senti 57. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Wafanyakazi 15 waliachishwa kazi mwaka 2014, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kuilipa Serikali ya Marekani dola milioni 900.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila hatua yake inapatikana kwetu, ijapokuwa kwa kipimo kidogo. Dereva analalamika. Gari inapimwa mahali isipougulia. Inabadilishwa sehemu isiyohusika. Anayelalamika anatazamwa kama mjinga au mkorofi. Tofauti ni kwamba Marekani walikuwapo wazazi waliokataa kunyamaza, na mhandisi aliyekaa chini akapima. Hapa petu faili hufungwa.

Sasa turejee karakana, maana huko ndiko kwenye kazi. Chombo cha kwanza cha kupimia hitilafu ya vipindi si mashine. Ni maneno ya aliyekuwa ndani ya gari. Lakini tazama maneno hayo yanavyosafiri. Dereva anamwambia afisa usafirishaji kwamba gari imezimika ikiwa kwenye matuta, mvua inanyesha, taa na feni zimewashwa, na kwamba kabla ya kuzimika mshale wa mwendo ulianguka sufuri. Afisa usafirishaji anamwambia karani kuwa gari inazima zima. Karani anaandika: gari mbovu, itengenezwe. Fundi anapokea karatasi hiyo. Tuliokaa chuoni mbele ya masheikh tunajua kwamba wanazuoni wa hadithi hawaipokei habari mpaka waijue isnadi yake, nani kaipokea kwa nani, na je, huyu alikutana na yule. Isnadi ya karatasi ile ina watu watatu, na aliyeshuhudia hayumo hata kwa jina.

Ile pikapu ilipona kwa sababu hatimaye alikuja fundi kijana ambaye alikataa kuigusa kabla ya kumwona dereva wa kwanza. Walimwendea getini. "Ami," alimwambia, "nielezee tangu siku ya mwanzo, hata lile unaloliona halina maana." Mzee yule akatoa daftari la shule la kurasa arubaini, ambalo tangu ile barua ya onyo alikuwa akiandika ndani yake kila tukio: tarehe, saa, barabara, mvua au jua, taa zilizowashwa. Yalikuwamo matukio tisa. Saba yalikuwa ya usiku au ya mvua, na yote tisa yalitokea feni ya kiyoyozi ikiwa imewashwa. Hakuna mtu aliyepata kuliuliza daftari lile.

Kutoka hapo kazi haikuwa ya kubahatisha. Yapasa hapa tueleze kidogo kwa ajili ya viongozi wenye kuidhinisha malipo, ili wajue wanalipia nini. Kila umeme unaotoka kwenye betri ni lazima urudi, na katika gari hurudi kwa kupitia bodi na nyaya za ethi zilizofungwa kwa boliti. Ethi ikiwa mbovu kila kitu kinachoitegemea hutangatanga. Mafundi wengi huipima ethi kwa mita gari ikiwa imezimwa, mita inalia, wanaridhika. Kipimo hicho kinadanganya. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja, mita bado italia, kwa kuwa mita hupitisha umeme mdogo sana. Uzi huo mmoja hauwezi kubeba mzigo wa kweli. Kipimo cha haki ni kuiwasha injini, kuwasha kila kinachokula umeme, kisha kuangalia ni voliti ngapi zinapotea baina ya ncha hasi ya betri na mahali ethi ilipofungwa. Ikiwa ni zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za voliti moja, pana jambo.

Kijana yule alipima kwanza gari ikiwa kavu imezimwa, akapata karibu na sufuri, kama walivyopata wenzake. Kisha akaiwasha, akawasha taa kuu, feni na kiyoyozi, akanyunyiza maji kwa chupa upande wa kushoto wa chumba cha injini, akazitikisa nyaya moja moja kwa mkono. Alipofika kwenye boliti moja nyuma ya taa ya kushoto mita ikaruka kupita voliti 2, na injini ikazimika mbele ya macho ya watu wote. Boliti ile ndiyo iliyoshikilia ethi ya kompyuta ya injini. Mtu aliyefunga redio ya mawasiliano, miezi kadhaa nyuma, aliilegeza ili aubane waya wake mwenyewe chini yake, akairudisha juu ya rangi bila ya kuikaza sawasawa. Mvuke wa chumvi ukamaliza kazi. Ule utulivu wa wiki tatu baada ya altaneta kubadilishwa ulitokana na kwamba fundi alizisogeza nyaya alipokuwa akifanya kazi yake, na mvua zilikuwa zimekatika. Altaneta iliyotupwa ilikuwa nzima. Betri pia.

Hili la kusogeza nyaya lataka kuangaliwa sana. Kila sehemu inapobadilishwa, plagi huchomolewa na kuchomekwa, na kule kuchomeka peke yake huisugua kutu na kurejesha mgusano kwa muda. Gari inatulia, kipuri kipya kinapata sifa isiyo yake, na hati ya malipo inatiwa saini. Hasara ya namna hii haionekani katika ukaguzi wa hesabu, kwani risiti ni za kweli na vipuri vilinunuliwa kweli.

Gari ya kisasa ina kumbukumbu yake pia, na hii ni neema ambayo Bedford haikuwa nayo. Chini ya dashibodi pana tundu lenye pini 16, ambalo Marekani ililifanya la lazima kwa gari za mwaka 1996, na Jumuiya ya Ulaya ikafuata kwa gari za petroli mwaka 2001. Kifaa kikichomekwa hapo husoma namba za kasoro na, katika kasoro nyingi za injini, picha ya hali ilivyokuwa dakika ile: mwendo, joto, mzunguko wa injini. Namba hizo si hukumu. Namba inayotaja sensa fulani haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba habari zake hazikufika sawasawa, na huenda sensa ni nzima na waya wake ndio uliooza. Lakini ni ushahidi, na ushahidi huo unapotezwa kila siku katika karakana zetu kwa tabia moja: gari ikifika, kitu cha kwanza ni kuifungua betri. Kwa gari nyingi kitendo hicho hufuta kumbukumbu yote. Ni kama kuoga kabla ya kwenda kupimwa vumbi lililokuangukia.

Katika tundu hilo hilo, gari ikiwa imezimwa, pini ya 6 na ya 14 zikipimwa kwa mita katika gari nyingi zitumiazo mfumo ule tuliousema, yapasa kusomeka omu 60 hivi, kwa kuwa kila mwisho wa nyaya mbili za mazungumzo umewekewa kizuizi cha omu 120. Ikisomeka 120, upande mmoja umekatika. Ikisomeka karibu na sufuri, nyaya mbili zimegusana. Mita ya kufanyia kazi hiyo si ghali. Kompyuta iliyotaka kununuliwa kwa ajili ya pikapu ile ilikuwa ghali, na ingefungwa juu ya boliti ile ile iliyolegea.

Visiwa vyetu vina adui wa ziada. Hewa ya bahari haichagui kusi wala kaskazi, na gari zinazovushwa baina ya Unguja na Pemba, au kutoka Bara, husimama kwenye sitaha za meli zikirushiwa maji ya chumvi. Chumvi ikiingia kwenye plagi iliyofunguliwa ikaachwa bila ya kifuniko chake cha mpira, shaba hugeuka kijani, na kutu hiyo hutambaa ndani ya mpira wa waya mahali ambapo jicho halifiki. Gari ikivuka, ioshwe kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji, chini na pembeni. Kuielekezea injini bomba lenye nguvu ni kuyasukuma maji mahali yasipotakiwa. Panya nao wamo, hasa kwa gari zinazolala chini ya miembe, lakini panya huacha alama, chumvi haiachi.

Hatusemi kwamba madereva wote ni malaika. Wapo wanaoiba mafuta, wapo wanaoendesha kama wanafukuzwa, na wapo waliogundua kwamba gari mbovu ni likizo isiyohitaji maombi. Chama hakipaswi kuwatetea hao. Tunachosema ni kwamba uzembe nao huthibitishwa kwa vipimo. Anayedai kwamba dereva aliharibu gari na aonyeshe kilichoharibiwa.

Nini kifanyike? Jambo la kwanza haligharimu senti: katika daftari la safari la kila gari ya umma iongezwe safu moja ya kuandikia hitilafu kwa maneno ya dereva mwenyewe, na nakala ya ukurasa huo iambatane na gari inapokwenda karakana. Karakana nayo isiruhusiwe kuandika kwamba gari ni nzima bila ya kueleza ilipimwaje, ikiwa na mzigo gani, na kwa muda gani.

La pili linawahusu wanaonunua. Gari mpya huja na dhamana ya muda au ya kilomita, na dhamana hiyo ni fedha iliyokwisha kulipwa. Lakini dhamana hupatikana kwa maandishi. Kila tukio lisipoarifiwa kwa muuzaji kwa barua yenye tarehe, muda hupita, na muuzaji atasema kwamba hakuambiwa. Vile vile redio, ving'ora, taa za ziada na vifaa vya kuzuia wizi vinavyofungwa na mafundi wa pembeni kwa kupasua nyaya vinampa muuzaji njia ya kujitoa. Afisa anayeagiza kifaa kama hicho kifungwe aandike jina lake na la aliyefunga. Na katika mkataba wa ununuzi yaingizwe yale ambayo siku zote yanasahauliwa: michoro ya nyaya ya gari yenyewe, kifaa cha kusomea kumbukumbu yake, na mafunzo kwa mafundi wetu. Kununua gari kumi bila ya mchoro mmoja wa nyaya ni kumkabidhi fundi nyumba usiku na kumnyima taa. Mwananchi wa kawaida anayeagiza gari iliyotumika kidogo kutoka Japani hana dhamana wala mchoro, na mara nyingi kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Karakana ya umma ikijua kazi hii, naye atafaidika.

Mafundi wapo wa kufundishwa. Taasisi ya Karume pale Mbweni na vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji vinapokea vijana, na vijana hao wana vichwa vyepesi kwa mambo haya kuliko sisi. Wanachohitaji ni gari za kisasa za kujifunzia. Zimo nyingi katika viwanja vya maofisi, zimeota majani, zimeondolewa katika matumizi kwa kasoro ambazo hazikupata kujulikana. Zikabidhiwe kwa vyuo hivyo zipimwe. Huenda nyingine zikarudi barabarani, na hiyo itakuwa faida isiyotarajiwa.

Pikapu tuliyoisimulia imesafishwa boliti yake, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma, ikapakwa grisi, ikakazwa. Waya wa redio umepewa boliti yake mbali. Kazi nzima ilichukua muda usiotimia saa moja. Tangu hapo haijazimika, usiku wala mchana, na masika mengine yameshapita juu yake. Dereva yule mzee bado yuko getini, na barua yake ya onyo bado imo katika faili. Amebakiwa na muda mfupi kabla ya kustaafu. Tunawaomba wahusika wa ofisi hiyo, ambao wanajijua, waiondoe barua ile, na wamrudishie ufunguo.